Walipoamriwa kuihama bahari

Kila vita vya Roma na Carthage vinapotajwa, wengi humkumbuka Hannibal na tembo wake waliovuka milima ya Alps mwaka 218 Kabla ya Kristo (KK). Mimi huvutiwa zaidi na mwisho wa ugomvi huo, kwani unamgusa mfanyabiashara.

Miji hiyo miwili iligombea Bahari ya Kati. Vita vya kwanza, 264 hadi 241 KK, vilianzia Sisilia. Vya pili vilimalizika 201 KK. Carthage ikatozwa fidia ya talanta 10,000 za fedha kwa miaka 50 na kukatazwa kupigana bila ruhusa ya Roma. Ililipa, na biashara yake ikastawi upya.

Hapo Roma ikaingiwa na wasiwasi. Carthage ilipojihami dhidi ya jirani yake Numidia, Roma ikapata kisingizio. Mwaka 149 KK wakazi walisalimisha silaha zao wakidhani yamekwisha. Ndipo ikaja amri: hameni, mkajenge kilomita 15 kutoka baharini.

Walikataa. Aliyewahi kuambiwa ahamishie kibanda chake mbali na njia anaelewa kwa nini. Mji ulizingirwa miaka mitatu, ukateketezwa 146 KK. Watu takriban 50,000 waliosalia waliuzwa utumwani.

Leo Carthage ni kitongoji cha Tunis. Mwaka 1985 mameya wa miji hiyo miwili walitia saini mkataba wa amani. Naamini amani ya kweli humwachia aliyeshindwa njia ya riziki.