"Mama, Unatarajia Kuzaa Tena?"

Akina mama wenzetu wengi wakiitwa kwenye usaili wa kazi kubwa hujiandaa kwa maswali ya vyeti na uzoefu. Linalowakwamisha mara nyingi ni swali la nyumbani.

Mama mmoja tunayesali naye, afisa utumishi wa miaka mingi, aliomba nafasi ya kuongoza idara ya utumishi katika kampuni moja jijini Dar es Salaam. Aliketi mbele ya watu watano. Alieleza vizuri namna ya kuajiri, kusuluhisha migogoro na kutunza siri za wafanyakazi. Ndipo mzee mmoja akavua miwani, akauliza: "Mama, tunasikia una mtoto mchanga. Unatarajia kuzaa tena? Na mumeo atakuruhusu kusafiri mikoani?"

Akajibu kwa upole: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu safari, niko tayari kama tangazo lilivyosema. Kuhusu kuzaa, kazi ninayoomba ndiyo ya kuhakikisha mwombaji haulizwi hivyo."

Kazi hakuipata, wala sababu hakuelezwa. Ndugu zake wakamlaumu: angejibu tu kwamba amemaliza kuzaa! Sisi hatumlaumu. Jibu la uongo lingemfunga mdomo siku wafanyakazi wenzake wajawazito watakapomlilia.

Tena sheria iko upande wake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda hata mwombaji kazi. Inatoa pia likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sisi wauguzi tunahimiza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Likizo huisha kabla, ndiyo maana sheria inaruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Basi mama, ukiulizwa hivyo, usigombe. Jibu linalohusu kazi, na uandike maneno uliyoambiwa siku hiyo hiyo. Ukiona umebaguliwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mwenzetu ameshatuma maombi mengine. Mumewe ndiye aliyeyapeleka posta.