Mkurugenzi akikosa, mfuko wake uguswe

KARANI akipatikana na kosa kazini hufutwa kabla ya jua kutua. Mkurugenzi akikosa, aghalabu huagwa kwa hotuba na kitita cha pesa. Tofauti hiyo huanzia katika mkataba aliotia saini siku ya kuajiriwa.

Tazama yaliyojiri katika kampuni ya vyakula ya McDonald's, Marekani. Novemba 2019, bodi ilimwachisha kazi afisa mkuu mtendaji, Steve Easterbrook, kwa kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mfanyakazi kinyume cha kanuni, ingawa ulikuwa wa hiari. Hata hivyo, aliruhusiwa kuondoka kana kwamba hakuwa na kosa la kumnyima haki zake, akabaki na hisa za mamilioni ya dola. Bodi ilikuwa na haraka ya kulimaliza jambo hilo, na haraka hiyo iliigharimu.

Julai 2020, mfanyakazi mmoja alipiga ripoti ya siri. Kompyuta za kampuni zilipopekuliwa, barua pepe zilifichua uhusiano na wafanyakazi wengine watatu, mmoja wao akiwa ameidhinishiwa hisa na Easterbrook mwenyewe. Kampuni ilimshtaki mwezi uliofuata. Desemba 2021 alirejesha pesa na hisa za thamani ya zaidi ya dola milioni 105, akaomba radhi.

Kilichoiwezesha kampuni kudai ni kifungu katika mpango wake wa malipo ya kuondoka: ikigundulika baadaye kuwa mtu alistahili kufutwa kwa kosa, alichopewa hurudishwa. Sheria pekee haitoshi. Kanuni iliyopitishwa Marekani mwaka 2022 huzilazimu kampuni kudai marupurupu yaliyolipwa kwa hesabu zenye makosa, lakini haigusi tabia. La tabia sharti kampuni yenyewe iliandike, tena kabla bosi hajakalia kiti.

Na bila ile ripoti ya siri, kifungu hicho kingelala tu kabatini. Humu nchini, kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji za mwaka 2015 huzitaka bodi ziwe na utaratibu wa kufichua maovu. Lakini ripoti hizo humfikia nani? Iwapo ni meneja wa wafanyakazi ambaye mkubwa wake ni huyo huyo bosi, karani gani atathubutu? Heri zimfikie mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi, ambaye bosi hana uwezo wa kumfuta.