Njia ya Kale ya Misafara kwa Miguu na Baiskeli: Mkazi Ajue Nini

Tangu mwaka 2006, njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, imo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza kwa UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kati ya kituo na kituo kuna vijiji, mashamba, malisho na mito ya msimu. Makala haya yanawahusu wakazi wa maeneo hayo. Hayatangazi mradi wowote. Yanaeleza nini hutakiwa ili njia ya kale ya namna hii iwe njia ya lami ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na mkazi aulize nini siku wazo hilo litakapofikishwa katika mkutano wa kijiji chake.

Kwanza ieleweke njia yenyewe ilikuwaje. Urefu wake ni takribani kilomita 1,200, lakini haikuwa barabara. Ilikuwa ujia mwembamba ambao wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, walipita mmoja nyuma ya mwingine. Watumwa nao walipitishwa humo kuelekea pwani. Kisima kikikauka, au vita vikizuka mbele, msafara ulichepuka, na mchepuko ukawa njia mpya. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara ilikuwa imekwisha kupoteza kazi yake. Kwa hiyo mtaalamu akidai kwamba ni lazima lami ipite katikati ya shamba fulani kwa sababu "ndipo njia ilipokuwa", aulizwe ushahidi. Historia ya njia hii inaruhusu kuchepuka.

Mfano wa kujifunzia upo Marekani, katika jimbo la Virginia. Njia iitwayo Virginia Capital Trail ina urefu wa takribani kilomita 84, kutoka Jamestown, makazi ya Waingereza yaliyoanzishwa mwaka 1607, hadi Richmond, makao makuu ya jimbo. Nayo imepita katika nchi yenye historia nzito, kwani mashamba makubwa ya tumbaku ya eneo hilo yalilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Haikujengwa kwa mkupuo mmoja. Ilijengwa vipande vipande kwa takribani miaka kumi, na njia nzima ikafunguliwa mwaka 2015. Sehemu kubwa yake inaambatana na barabara ya magari iliyokuwapo, lakini imetengwa nayo. Idara ya barabara ya jimbo ilisimamia ujenzi, na asasi ya wananchi ikahamasisha na kuchangisha. Kwa kuifuata barabara iliyokuwapo, wajenzi walipunguza swali lililo gumu kuliko yote, yaani ardhi.

Kwetu swali hilo lina majibu mawili. La kwanza ni kutumia hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ardhi hiyo tayari ni ya umma, hivyo gharama ya fidia hupungua. Ubaya wake ni kwamba hifadhi imetengwa kwa ajili ya upanuzi. Njia iliyojengwa leo inaweza kung'olewa kesho barabara ikipanuliwa, na mtembea kwa miguu atakuwa karibu na malori muda wote.

Jibu la pili ni kupita katika ardhi ya kijiji. Hapa hesabu ndogo itasaidia. Njia yenye lami ya mita 3 na bega la mita 1 kila upande huchukua mita 5. Kilomita moja ya njia hiyo ni nusu hekta, yaani ekari moja na robo hivi. Mwenye shamba la mraba la ekari mbili, njia ikipita katikati, atapoteza takribani sehemu ya tisa ya ekari moja. Kwenye karatasi hilo ni dogo. Shambani, hata hivyo, plau ya ng'ombe itageuzwa mara mbili zaidi katika kila mzunguko, na mfereji wa maji utakatika. Fidia inayohesabu mita za mraba peke yake haimtendei haki mkulima huyo. Afadhali njia ipinde ifuate mpaka wa mashamba, hata ikirefuka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mkazi nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Eneo linalotakiwa kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji lisipozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio huidhinisha au kukataa. Aidha, suala la fidia hukubaliwa kabla ya uhamisho, si baada yake. Fidia hutazama thamani ya soko ya ardhi, maendelezo yaliyomo kama miti na majengo, pamoja na usumbufu.

Ujenzi wenyewe tuupitie kwa haraka. Adui wa lami nyembamba ni maji. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, hivyo tabaka la changarawe lililoshindiliwa, mitaro, makalavati na drifti ndivyo vitakavyoamua kama njia itadumu. Upana wa mita 3 si anasa: baiskeli ya kwetu hubeba magunia ya mkaa au madumu ya maji, na mbili za namna hiyo lazima zipishane bila mmoja kuingia mtaroni. Vivuko vya mifugo viwekwe mahali ng'ombe wanapopita sasa, kwa kuwa ng'ombe hawasomi vibao. Na penye makutano visimikwe vigingi vya kuzuia pikipiki, la sivyo bodaboda wataigeuza yao kabla rangi haijakauka.

Baada ya ujenzi huja matunzo, na hapa wasafiri wa kale wana la kutufundisha. Katika nchi ya Ugogo, misafara ililipa watemi hongo ya nguo, shanga na waya ili ipite na kutumia maji. Neno hilo leo lina maana ya aibu, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi. Mgeni alijua kwamba anakanyaga nchi yenye wenyewe. Njia mpya nayo iwe na mwenyewe. Barabara kuu na za mikoa zina TANROADS, na za wilaya zina TARURA tangu mwaka 2017. Njia ya baiskeli inayokatiza porini inaweza kukosa wa kufyeka majani na kuziba nyufa. Kwa hiyo mkazi aulize mapema: nani ataitunza, kwa fungu lipi, na vijana wa kijiji watapewa sehemu gani ya kazi hiyo?

Jambo jingine ni vitu vya kale. Sheria ya Mambo ya Kale inalinda vifaa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na majengo ya kabla ya mwaka 1886. Mchimba mtaro akikuta vigae, shanga au misingi ya mawe, asimamishe kazi na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ataifikisha kwa wataalamu wa mambo ya kale.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Ramani ya mradi wa namna hii ikiletwa, wananchi waombe ibandikwe ofisini kabla ya siku ya kikao, na mistari yake ikapimwe shambani kwa kamba na mambo, wenye mashamba wakiwapo.