Tangi la Maji ya Mvua Likivuja

Kama una tangi la saruji la kukingia maji ya mvua nyumbani kwako, wakati wa kulitengeneza ni mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamebaki chini. Mvua zikisha kuanza hutapata nafasi tena, na udongo utakunywea maji yako mwaka mzima.

Wengine husema, “Aa, linavuja kidogo tu.” Haya, na tuhesabu. Tone moja kila sekunde, usiku na mchana, ni matone 86,400, nayo ni lita 4 na zaidi. Kwa kiangazi cha siku 120 umekwisha kupoteza kama lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Je, ndoo hizo atazileta nani kutoka bondeni? Si wewe, baba. Atakayezileta kichwani ni mama na binti yako, na binti huyo saa hiyo alipaswa kuwa darasani.

Lakini usikimbilie kununua saruji. Mara nyingi mwizi ni koki, wala si ukuta. Jioni, mkisha kuteka maji ya usiku, funga koki barabara, weka kikopo chini yake, kisha piga alama ya mkaa ukutani kwa ndani pale maji yalipofikia. Asubuhi, kabla mtu hajateka, nenda ukatazame. Kikopo kikiwa na maji, badili washa ya koki, na huenda kazi ikaishia hapo kwa fedha kidogo. Kikopo kikiwa kikavu na maji yameshuka chini ya alama, ujue tangi lina ufa.

Sasa liache lijionyeshe lenyewe. Maji yanayovuja ukutani hushuka mpaka penye ufa, na hapo husimama. Yakisimama, zungusha alama ya mkaa kwa usawa huo, kwa maana ufa uko katika mstari huo. Kwa nje, tafuta mahali penye weupe kama chokaa au penye ukijani wa unyevu. Yasiposimama hata yakaisha, tazama sakafu, na hasa pale ukuta unapokutana na sakafu, kwa kuwa ndipo penye taabu mara nyingi.

Kiraka hupigwa kwa ndani. Nasema hivi kwa sababu wengi hupiga kwa nje, wasipende kuhamisha maji, na baada ya mwezi kiraka hubanduka. Maji yenye kina cha meta 2 husukuma kila kipande cha ukuta wa chini chenye sentimeta 10 kwa 10 kwa uzito wa kama kilo 20. Kiraka cha nje husukumwa kitoke. Cha ndani hukandamizwa kishike. Basi maji yaliyobaki yahamisheni kwenye mapipa na mitungi, na tangi likauke.

Kuingia tangini si mchezo. Hewa iliyofungwa humo yaweza kumwangusha mtu mzima. Fungua mfuniko saa nyingi kabla, weka ngazi, na mtu mwingine akae juu na kamba uliyojifunga. Msiingize jiko la mkaa wala mashine ya petroli, hata kwa dakika chache: moshi wake huua kimya. Msitegemee mshumaa kuwaonya, kwa maana hewa hiyo ya sumu haiuzimi. Na mwenzako akizimia ndani, usimrukie. Mvute kwa kamba na kuita watu, maana pengine wamezikwa wawili badala ya kuokoka mmoja.

Chimba ufa kwa tindo, uupanue uwe kama mfereji mdogo, kisha usugue kwa brashi ya waya na kuuosha mpaka vumbi litoke lote. Tangi jembamba lina waya ndani ya ukuta wake, usiukate. Akili hiyo ya kutia waya ndani ya saruji ni ya zamani. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipewa hataza yake mwaka 1867 kwa ajili ya vyungu vikubwa vya kupandia miti.

Mchanga uwe wa mto, safi, uliochekechwa. Wa pwani una chumvi, huozesha waya. Pima kopo 1 la saruji kwa makopo 3 ya mchanga, na maji machache tu. Saruji yenye mabonge imekwisha kufa, hata muuza duka akiapa vipi. Lowesha mfereji, upake uji wa saruji tupu, na kabla haujakauka kandamiza mchanganyiko kwa mwiko kwa nguvu. Kesho yake piga niru. Lami na oili chafu ya magari zisiguse ndani ya tangi la kunywa.

Kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ikikaushwa upesi hupasuka. Wako watakaouliza juu ya Jumapili. Kuchanganya saruji kungoje Jumatatu, lakini kunyunyizia magunia si dhambi. Msomeni Luka, sura ya 14, habari za ng’ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato.

Ufa ukirudi palepale, si kosa la kiraka. Gundisha kipande chembamba cha kioo kwa saruji juu ya ufa, kwa nje. Kioo kikivunjika baada ya wiki kadhaa, ukuta unatembea: msingi unazama, au mizizi inausukuma. Hapo mwite fundi mjenzi. Mara nyingi maji ya ziada yanayomwagika tangi likijaa ndiyo yanayochimba msingi. Yachimbieni mfereji yaende mbali migombani, na tundu lake lifungwe wavu, mbu wasizalie humo.

Tangi la plastiki ni habari nyingine, kwani saruji haishiki plastiki.

Mvua ya kwanza ikija, msilijaze tangi mara moja. Kingeni kiasi, mlioshe, mmwage, kwa kuwa maji hayo yana ukali wa saruji na taka za bati. Yatakayofuata yaingie taratibu kwa siku kadhaa, na ya kunywa yachemsheni kama kawaida.