Safari ya Mume na Mke Kati ya Oli, Koboko na Pakwach

Katika West Nile, kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda, mume na mke wanaposhika njia pamoja huwa na mtu wanayemwendea: wakwe, mjomba, harusi au matanga. Matembezi ya watu wawili kwa starehe yao tu ni jambo la juzi. Hata hivyo, safari ya ukweni ina raha zake, na vyakula, vinywaji na wanyama wa njiani ni sehemu ya raha hizo.

Wengi huanzia Oli, mtaa wa Arua uliochukua jina la mto unaopita hapo. Wanubi, Walugbara, Waaringa, Wakakwa na wafanyabiashara kutoka Kongo wamekaa pamoja hapo miaka mingi, na Kiswahili husikika sokoni pamoja na Kinubi na Kilugbara. Asubuhi ya safari katika nyumba ya Kinubi huanza na chai na gurusa, mkate mwembamba wa unga wa ngano unaokaangwa mmoja mmoja. Chakula kinachotengwa mbele ya mgeni hufunikwa kwa kawa za rangi zilizosukwa na wanawake wa nyumba, na mke anayekwenda ukweni anaweza kubeba kawa mpya iwe zawadi. Hiyo ni sanaa ya kweli, nayo yastahili kuhesabiwa pamoja na doluka, ngoma ya Wanubi ya harusini.

Kutoka Arua hadi Koboko ni kilomita zisizopungua hamsini, barabara ya lami inayoendelea hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Mipaka ya Kongo na Sudan Kusini iko jirani, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Karibu na Koboko husimama mlima Liru, na upande wa Terego mlima Wati. Masimulizi ya Walugbara yanasema mababu wawili, Jaki na Dribidu, walifia kwenye milima hiyo, Jaki Liru na Dribidu Wati. Kwa hiyo wanandoa wa Kilugbara wanaopita njia hii hupita chini ya makaburi ya wazee wao, na mtoto aliye garini husimuliwa ukoo wake kabla ya kufika.

Wakishafika ukweni, adabu huchukua nafasi ya kwanza. Mume wa Kilugbara hujiweka mbali na mama mkwe wake: hamkaribii ovyo wala hazungumzi naye kwa mzaha. Wazee wa ukoo wa mke ndio wanaompokea, na mahari ambayo haijakamilika inaweza kutajwa mbele yake. Mahari ya siku hizi huhesabiwa kwa ng'ombe, mbuzi na fedha. Zamani mishale na majembe ya chuma yalikuwemo. Mke naye yuko kwao. Ndoa haimtoi katika ukoo aliozaliwa, na ndugu yake wa kiume atakuwa mjomba mwenye sauti kubwa katika maisha ya watoto wake.

Chakula cha kumkaribisha mgeni ni enyasa, ugali mzito wa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama. Huliwa na majani ya kunde, maharage, samaki mkavu au nyama ya mbuzi, mara nyingi kwa mchuzi uliotiwa ufuta uliosagwa. Msimu wa mvua huleta kumbikumbi, wanaokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Asali ya eneo hili ina sifa kote Uganda, na chupa yake ndiyo zawadi rahisi kuliko zote kurudi nayo mjini.

Nchi nyingine zina mashamba ya zabibu. West Nile ina kwete. Pombe hii ni kazi ya wanawake, na haina haraka. Unga wa mahindi hulowekwa ukaachwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha hukaangwa kwenye bati au chombo kipana juu ya moto, huku mpishi akiugeuza bila kupumzika, kwa sababu ukiungua kidogo tu uchungu wake hautoki tena. Unapokuwa wa kahawia na kunukia, huepuliwa. Wakati huohuo ulezi ulioloweshwa huoteshwa, hukaushwa juani na kusagwa uwe kimea. Unga uliokaangwa na kimea huchanganywa na maji mtungini, mchanganyiko huachwa ufanye kazi yake usiku, halafu huchujwa kwa kitambaa. Kinachotoka ni kinywaji kizito, chenye ukali na utamu pamoja, ambacho hakikai: kikipita siku mbili tatu huwa kikali mno.

Kwete hunywewa kwenye posa, matanga na kazi za kulimiana shamba, na zamani kiasi kidogo kiliwekwa kando kwa ajili ya mababu. Kikombe au kibuyu hupita mkono kwa mkono, na kumkatalia mwenyeji bila sababu ni kumvunjia heshima. Sababu inayokubalika na wote ni dini. Waislamu ni wengi Oli na Koboko, na wakwe wao huandaa chai au soda bila kinyongo. Familia zenye dini mbili ni jambo la kawaida hapa. Mapato ya kwete yamelipia karo ya watoto wengi, jambo lisilotajwa vya kutosha pombe inapolaumiwa.

Wanyama wako upande wa kusini. Barabara ya Arua hushuka kupitia Nebbi, nchi ya Waalur, mpaka Pakwach, ambako daraja huvuka Nile. Samaki ndiye mfalme hapo: ngege, sangara na angara wa Ziwa Albert, wabichi, wa kukaanga au waliokaushwa kwa moshi. Ng'ambo ya daraja, njia ya kwenda Karuma hupakana na Hifadhi ya Murchison Falls, na msafiri wa basi huweza kuona tembo na nyani bila kulipa kiingilio. Nyani wamezoea kutupiwa ndizi madirishani. Ni desturi mbaya, maana inawaleta kwenye magurudumu.

Kifaru mweupe wa kaskazini hayupo tena hapa. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt na mwanawe Kermit waliwinda vifaru hao kando ya Nile, katika eneo la Lado lililokuwa chini ya Wabelgiji, na jina la Rhino Camp limebaki ramani nzima ikiwa imebadilika. Wa mwisho wa West Nile walijibanza katika hifadhi ya Ajai, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujangili na vita vilikuwa vimewamaliza nchini. Hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, iliyo jirani na barabara ya Kampala, ilianzishwa mwaka 2005 kwa vifaru weupe wa kusini. Wa kaskazini, wale wa West Nile, wamebaki wawili duniani, mama na binti yake, wakilindwa Ol Pejeta nchini Kenya.