Kifaa cha kunasa maji yanayovuja: chaweza kumlipa mwenye gesti, mwenye bomba moja asubiri

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

WENYE nyumba za kupangisha, gesti na sehemu za kuoshea magari katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita wanalipia maji mengi ambayo hakuna mpangaji, mgeni wala gari lililoyatumia. Maji hayo hupita kwenye mita, huhesabiwa, kisha huishia ardhini au kwenye shimo la choo. Bili inapofika mwisho wa mwezi, ugomvi huwa ni wa wapangaji wao kwa wao, na mara nyingi anayesingiziwa ni yule mwenye watoto wengi.

Sasa kuna vifaa vidogo vya umeme vinavyofungwa kwenye bomba la nyumbani na kumweleza mwenye nyumba, kwa simu yake, kiasi cha maji kinachopita kila saa. Swali la mfanyabiashara ni moja: je, fedha inayowekwa humo inarudi? Jibu linategemea mambo matatu, yaani ukubwa wa uvujaji, mahali kifaa kinapofungwa na umeme unaokiendesha. Wauzaji husifu zaidi jambo la kwanza. Hasara hutokea kwenye hayo mengine mawili.

Kwanza bei ya maji yenyewe. Kabla ya 2009 mji wa Shinyanga ulitegemea zaidi bwawa la Ning'hwa. Mwaka huo mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulizinduliwa, baada ya ujenzi ulioanza 2004 huku Misri ikipinga kwa kutumia mkataba wa mto Nile wa 1929, mkataba ambao Tanzania huru haikuutambua. Maji hayo husafishwa na kusukumwa kwa umeme zaidi ya kilomita 150. Mamlaka ya KASHWASA huyauza kwa jumla, na mamlaka za mijini kama SHUWASA ya Shinyanga na KUWASA ya Kahama huyauza kwa rejareja. Baadaye bomba liliendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kwa hiyo lita inayovuja Ngokolo au Kitangili imekwisha kulipiwa dawa, umeme na safari ndefu kabla ya kuzama kwenye udongo.

Ripoti za EWURA za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha kwamba karibu theluthi moja au zaidi ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji nchini hupotea au hayalipiwi, wakati kiwango kinacholengwa ni kisichozidi asilimia 20. Hiyo ni hasara ya mamlaka. Mpaka wa hasara hiyo na yako ni mita: maji yanayovuja kabla ya kufika kwenye mita ni ya mamlaka, yanayovuja baada ya mita ni yako, yawe yamekufaa au la.

Tufanye hesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Tuseme, kwa mfano tu, uniti inauzwa sh. 2,000/-, msomaji aweke bei iliyo kwenye bili yake mwenyewe. Chukua choo kimoja cha kuvuta ambacho boya lake limechoka, maji yanachuruzika ndani ya bakuli kiasi cha kujaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja. Ukiwa nje ya mlango husikii kitu. Lakini hizo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku, sawa na madumu 18. Kwa siku 30 ni uniti 10.8, yaani sh. 21,600/-. Mwenye gesti yenye vyoo 12 ambaye vitatu vina hali hiyo anapoteza sh. 64,800/- kila mwezi bila mgeni yeyote kuoga. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba choo kinachovuja sana kinaweza kupoteza galoni 200 kwa siku, ambazo ni zaidi ya lita 750. Mfano wetu basi si wa kutisha watu; ni nusu ya hapo.

Shinyanga ina adui mwingine, nao ni udongo. Maeneo mengi yana udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Bomba lililofukiwa juu juu huvutwa huku na huku kila msimu hadi viungio vinalegea. Kibaya zaidi, kiangazi nyufa hizo humeza maji yote, hivyo hakuna dimbwi wala majani mabichi ya kumshtua mwenye nyumba. Kwa mabomba ya namna hiyo kipimo hufanya kazi ambayo macho hayawezi.

Vipimo vilivyopo ni vya aina tatu kubwa. Aina ya kwanza hufungwa juu ya mita iliyopo bila kukata bomba na husoma mzunguko wa sumaku iliyomo ndani ya mita. Kampuni ya Flume ya Marekani inauza cha namna hiyo, kinachotumia betri, na chenzake hukaa ndani ya nyumba kikichomekwa kwenye soketi. Aina ya pili hukatiwa bomba na huweza hata kulifunga lenyewe mambo yakiharibika. Phyn na Moen wanavyo, lakini hutaka umeme wa ukutani wakati wote. Aina ya tatu ni ile ambayo mafundi wetu wa simu na redio wanaweza kuiunganisha: kihisi cha plastiki chenye pangaboi ndogo, bodi ya kompyuta ndogo, na laini ya simu au waifai.

Hiyo ya tatu ndiyo rahisi, na ndiyo yenye mtego. Kihisi kinachouzwa sana, YF-S201, kimetengenezwa kwa mtiririko wa lita 1 hadi 30 kwa dakika. Chini ya lita 1 kwa dakika hakiaminiki, pangaboi inaweza isizunguke kabisa. Lita 1 kwa dakika ni lita 60 kwa saa. Choo chetu cha mfano kinavuja lita 15 kwa saa, hivyo kitapita hapo usiku kucha na simu itaonyesha sifuri. Uvujaji wa lita 50 kwa saa, wenye thamani ya sh. 72,000/- kwa mwezi kwa bei yetu ya mfano, nao unaweza kupita bila salamu. Anayenunua kihisi hicho ili kunasa bomba lililopasuka amefanya vyema. Anayekinunua kwa ajili ya choo ametupa fedha.

Afadhali mita ndogo ya kawaida ya nusu inchi yenye waya wa kutoa ishara kila lita moja au kumi. Mita ya kiwango B ya ukubwa huo hutakiwa kupima kwa usahihi unaokubalika kuanzia lita 30 kwa saa, na mara nyingi huanza kuzunguka chini ya hapo. Bado matone ya polepole huweza kuiponyoka, lakini kwa matone hayo bili nayo haisomi, kwa hiyo anayeumia ni mamlaka.

Mahali pa kuifunga ndipo penye makosa mengi zaidi, kwa sababu maelekezo ya viwandani huandikwa kwa miji ambayo maji hayakatiki. Huku nyumba nyingi za biashara zina tangi juu ya mnara. Maji ya mgawo yakifika saa nane usiku tangi hujaa hadi alfajiri, na kifaa kilicho karibu na mita ya mamlaka hupiga kelele kwamba nyumba inavuja. Baada ya usiku wa tatu wa kuamshwa bure, mwenye nyumba hukizima. Aidha, maji yanaporudi baada ya kukatika husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo huzungusha mita kwa dakika chache. Kipimo kinachofaa hufungwa kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi. Hapo matumizi ya kweli ndiyo yanayoonekana, mradi tangi liko juu vya kutosha kusukuma maji kupita kwenye mita hiyo bila kumnyima aogaye chumba cha mwisho. Kama tangi lenyewe lina boya bovu na linamwagika kwa juu, hilo halitaonekana hapo. Lakini ukuta wenye ukoka hauhitaji kompyuta.

Kifaa kikishakaa mahali pake, kanuni ya kuamua ni nyepesi. Nyumba isiyovuja lazima iwe na angalau saa moja katika 24 ambayo hakuna lita inayopita. Kwa nyumba ya familia ni rahisi. Kwa gesti tafuta kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri. Kama siku tatu mfululizo hakuna saa ya sifuri, anza kufunga koki moja moja. Mamlaka za maji hutumia akili hiyo hiyo kwa mtaa mzima, wakipima mtiririko wa usiku wa manane.

UMEME

Kifaa cha kubuniwa na fundi hula kama nusu wati. Kwa mwaka ni uniti 4.4 hivi za umeme. Ukiweka uniti moja sh. 300/-, gharama ni kama sh. 1,300/-, haifai hata kuandikwa. Lakini kama kinategemea ruta ya waifai inayowaka saa zote kwa wati 10, ruta hiyo peke yake inakula uniti 88 kwa mwaka, sawa na sh. 26,000/- na zaidi. Aliye na ruta tayari kwa ajili ya wageni asihesabu gharama hiyo. Anayeinunua kwa ajili ya maji tu, aihesabu.

Tatizo kubwa ni kukatika. Umeme ukizimika au LUKU ikiisha, tangi linaendelea kushusha maji na kuvuja vilevile, ila mlinzi amelala. Wengi hukimbilia pawabenki. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo mno, zikidhani simu imeshajaa, na baadhi haziwezi kuchaji na kutoa umeme kwa wakati mmoja. Betri moja ya lithiamu ya volti 3.7 yenye uwezo wa mAh 2,500 inaendesha nusu wati kwa takriban saa 18, ambazo zinatosha kwa mkatiko wa kawaida.

Kwa jua la Shinyanga, sola ndiyo njia yenye akili kwa kifaa kilicho kwenye mnara wa tangi. Mahitaji ya siku ni saa-wati 12. Paneli ya wati 5, kwa saa tano za jua kali na ukitoa upotevu, hutoa kama saa-wati 17. Inatosha kwa shida. Paneli ya wati 10 ni ya amani zaidi masika. Betri ya volti 12 ya Ah 7, ile ya kengele za ulinzi, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inamudu siku tatu na nusu bila jua.

Anayetaka ujumbe mfupi wa simu badala ya waifai ajue kwamba kifaa cha laini kama SIM800L huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi mno kinapowasiliana na mnara. Chaja ya simu ya bei ya chini ya ampea nusu haiwezi, na kifaa kitajizima na kujiwasha siku nzima. Fundi atalaumu mtandao.

INAWAFAA NANI?

Tuseme mita ndogo, bodi, paneli na ufundi vinafika sh. 150,000/-. Choo kimoja cha mfano wetu kitarudisha fedha hiyo ndani ya miezi saba. Vyoo vitatu, chini ya miezi mitatu. Nyumba isiyovuja haitarudisha hata senti. Kwa hiyo mwenye gesti, bweni au nyumba ya vyumba kumi Kahama, Katoro au Nyankumbu ana sababu ya kuwekeza. Vivyo hivyo mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu anayenunua maji kwa magari. Ni ajabu kidogo kwamba dhahabu yake hupimwa kwa gramu na nukta zake, ilhali maji yake hukadiriwa kwa kupiga ubavu wa tangi na kusikiliza mlio.

Mwenye bomba moja uani asubiri. Yeye ana kipimo ambacho hakitumii umeme kabisa. Usiku, familia ikilala na bomba la kujazia tangi likiwa limefungwa, aandike namba zote za mita, nyeusi ambazo ni uniti na nyekundu ambazo ni sehemu za uniti. Alfajiri, kabla ya mtu kuchota, asome tena. Mita nyingi pia zina kinyota au pembetatu ndogo katikati ya uso wake; ikizunguka huku koki zote zimefungwa, maji yanakwenda mahali. Kisha atie rangi kidogo ya chakula au chai nzito ndani ya tangi la choo na angoje dakika 15 bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mwizi ni boya au mpira wake.

Kwa wanaopangisha kuna jambo moja zaidi. Katika baadhi ya miji nchini zimeanza kufungwa mita za malipo ya kabla, mfano wa LUKU. Kwa mita hizo uvujaji hauleti bili ya kushtukiza, unakula salio, na salio likiisha mita hujifunga. Hasara inakuwa na kikomo, ila wapangaji wanaamka bila maji na hawajui nani kayamaliza. Mwenye nyumba anayefunga mita ndogo kwa kila chumba sasa hivi atakuwa na jibu siku hiyo.

Mita ya mamlaka yenyewe isiguswe. Lakiri yake ikikatwa, hata kwa nia ya kufunga kihisi, mteja ndiye atakayetakiwa kujieleza. Kazi yote ifanyike upande wa nyumba, na koki ya kufungia iwekwe kabla ya mita ndogo, ili siku ikiharibika isilazimu kukausha tangi zima.