Bonde la Kilombero: Mafuriko Yanayolisha

Kila mwaka mvua za masika zinapokolea, Mto Kilombero hushindwa kukaa ndani ya kingo zake. Maji yanayoshuka kutoka Milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili hutanda uwandani, na barabara za vijijini hugeuka njia za mitumbwi. Mkulima aliyepoteza mpunga wake kwa maji hayo hana kosa akiyaita adui. Hata hivyo, bonde hili linaishi kwa sababu ya mafuriko hayo hayo.

Maji yanapotanda, kambale na perege huuacha mto na kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa, mahali penye chakula na maficho kwa ajili ya watoto wao. Maji yakipungua, samaki hurudi mtoni, nayo ardhi hubaki na tope laini, mbolea ambayo hakuna aliyeinunua. Kisha, vilima vikiwa vimekauka, uwanda huchipua majani mabichi. Hapo sheshe, swala mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, huyafuata maji yanavyoondoka. Wakati bonde lilipoingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar, mwaka 2002, ilikadiriwa kuwa karibu robo tatu ya sheshe wote duniani waliishi humu. Tangu wakati huo wamepungua sana.

Matete na mafunjo yana kazi ambayo wengi wetu hatuioni. Mashina yake hupunguza kasi ya maji na kunasa udongo, hivyo mto hupokea maji kidogo kidogo hata mvua zikiisha. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka Kilombero. Anayelima au kuvua kule chini deltani hutegemea matete ambayo pengine hatayaona maishani mwake. Humo kwenye matete ya kingo za mto ndimo mnana wa Kilombero hufuma kiota chake. Ndege huyu, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1990, hapatikani popote pengine duniani. Mwaka 2021 ndege wengine wawili wadogo wa bonde hili walipewa majina ya kisayansi kwa mara ya kwanza, ingawa wenyeji walikuwa wakisikia sauti zao miaka yote.

Katika Waraka wake wa Laudato si', namba 39, Baba Mtakatifu Francisko aligusa jambo hili waziwazi: ardhi oevu inapogeuzwa kuwa mashamba, hupoteza wingi mkubwa wa viumbe waliokuwa wakiishi humo. Maneno hayo ni mazito kwetu tunaokula wali. Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, chasema mwanadamu aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza, na Kanisa halijapata kuzitenganisha kazi hizo mbili. Wala haki haitimii pale familia maskini inapoambiwa isivuke mpaka wa hifadhi bila kuonyeshwa itakula nini. Waraka huo huo, namba 49, wataka kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja.

Kwa hiyo tuanzie palipo karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huichukulia kama amri ya serikali tu, na huchoma matete ili kuongeza majaruba machache. Majaruba hayo ndiyo ya kwanza kumegwa mto ukijaa, kwa kuwa hakuna tena mizizi ya kuushika udongo. Jumuiya Ndogo Ndogo zilizo kando ya mto zinaweza kukubaliana kuyaacha matete yaote tena kabla ya msimu ujao wa kulima.